Marumaru Isiyochimbwa Mlimani

Ndimu ni adui mkubwa wa marumaru. Tone likidondoka juu ya kaunta nyeupe iliyong'arishwa na likaachwa kwa dakika chache, ukipangusa utakuta alama ambayo hakuna sabuni itakayoitoa, kwa sababu si uchafu: jiwe lenyewe limeliwa. Marumaru ni kabonati ya kalisi, jamii moja na chokaa, na tindikali huiyeyusha. Siki huila, ukwaju huila, hata maji ya nyanya. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, marumaru iko karibu na 3, yaani kisu cha jikoni kinaikwaruza bila taabu. Jiko la pwani, linaloamka na ndimu na kulala na ukwaju, huenda ndilo lisilofaa kabisa kwa jiwe hilo.

Hata hivyo watu wanalitaka. Weupe ule wenye mishipa ya kijivu umekuwa alama ya nyumba iliyokamilika, kuanzia hoteli za Dubai mpaka nyumba mpya za Mbezi Beach, Dar es Salaam, na Kileleshwa, Nairobi, na picha za kwenye simu zimeipeleka hamu hiyo hata kwa watu ambao hawajawahi kuligusa jiwe la Carrara, Italia. Hapo ndipo viwanda vilipoona riziki. Mabamba mengi meupe unayoyakuta yamesimamishwa kwenye fremu za chuma katika maduka ya vifaa vya ujenzi, yakiwa na majina ya Kiitaliano kama Calacatta na Statuario, hayajawahi kuwa sehemu ya mlima wowote wa Italia. Yametengenezwa kiwandani. Sokoni yanaitwa kwatzi, na ndani yake ni chembe na unga wa mawe vilivyoshikamanishwa kwa plastiki.

Hilo la plastiki nalisema mapema kwa sababu muuzaji hatalisema.

Ndugu mdogo wa terazo

Wazo lenyewe si geni kwetu. Aliyesoma shule ya zamani ya serikali, au aliyewahi kulazwa katika hospitali iliyojengwa enzi za mkoloni, amekanyaga terazo: vipande vya mawe vimechanganywa na saruji, vikamwagwa, vikaachwa vikauke, kisha vikasuguliwa kwa maji na jiwe la kunolea mpaka vikatoa sura. Ufundi huo una mizizi mirefu katika eneo la Venice, kaskazini-mashariki mwa Italia. Na ni katika jimbo hilo hilo la Veneto, kwenye mji mdogo wa Castello di Godego mkoani Treviso, ambako Marcello Toncelli alianzisha kampuni ya Breton mwaka 1963.

Toncelli hakutajirika kwa kuuza mawe. Aliuza mashine, na hataza za namna ya kuzitumia. Aliona kwamba udhaifu wa terazo ni hewa. Saruji ikikauka huacha vitundu vidogo visivyohesabika. Vitundu hivyo hunywa maji, hunywa mafuta, na ndivyo vinavyolifanya bamba jembamba livunjike kirahisi. Dawa yake ilikuwa kuiweka saruji kando, kutumia gundi ya plastiki kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na kuubana mchanganyiko huo huku hewa ikinyonywa na mashine ikitetema, yote matatu kwa wakati mmoja. Kufikia miaka ya 1970 njia hiyo ilikuwa imeiva, na mpaka leo ndiyo msingi wa viwanda vya kwatzi popote vilipo.

Walionunua mashine hizo mwanzoni ni watu ambao usingewatarajia. Mwaka 1987 wakazi wa Sdot Yam, kibbutz iliyo kando ya bahari ya Mediterania huko Israeli, waliamua kujaribu bahati yao katika mawe ya kiwandani. Kibbutz ni aina ya kijiji cha ujamaa, mali ikiwa ya wote, na kijiji hicho ndicho kilichozaa kampuni ya Caesarstone, ambayo mwaka 2012 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la Nasdaq la New York. Huko Hispania, familia ya Cosentino, iliyokuwa ikichimba na kuuza marumaru ya Macael mkoani Almería, ilitoa mabamba yake ya Silestone mwaka 1990. Marekani, familia ya Davis ya Minnesota, iliyokuwa na biashara ya maziwa na jibini, ilianzisha Cambria mwaka 2000.

Kisha zikaja China, Vietnam, Uturuki na India, na bei ikaporomoka. Cambria ililalamika kwamba mabamba ya China yanatupwa sokoni kwa bei ya chini isivyo haki, na mwaka 2019 serikali ya Marekani ikayawekea ushuru mkubwa kiasi kwamba biashara hiyo ilikaribia kukatika. Wanunuzi hawakurudi Minnesota wote. Wengi walihamia India. Caesarstone yenyewe ilikifunga kiwanda chake cha kwanza cha Sdot Yam mwaka 2023 na kuanza kutegemea zaidi mabamba yanayotengenezwa na wengine. Kwa hiyo bamba lenye jina la Kiitaliano mara nyingi limepikwa Asia, kwa njia iliyobuniwa Italia, ili lifanane na mlima wa Italia.

Ndani ya bamba

Kwatzi ni madini ya kawaida mno. Mchanga wa kawaida sehemu kubwa ni kwatzi, na mawe meupe yanayong'aa kando ya njia huko Dodoma na Singida ni yaleyale. Ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs. Kisu hakiikwaruzi, na ndimu haina ubavu nayo. Kilichowafanya wenye viwanda waipende ni hicho, pamoja na weupe.

Weupe unatafutwa kwa bidii. Mawe yanayofaa kwa kaunta ya kuiga Carrara lazima yawe na chuma kidogo sana, kwa kuwa chembe chache za chuma zinatosha kuligeuza bamba zima kuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Huoshwa, huchambuliwa, hupitishwa kwenye sumaku, kisha husagwa. Wanaotaka weupe wa kupindukia huongeza kristobaliti, ambayo ni kwatzi iliyochomwa kwenye joto kali mpaka ikabadili umbo lake la ndani na kuwa nyeupe kama chaki. Juu ya hapo hutiwa unga wa oksidi ya titani, uleule unaofanya rangi ya ukutani na dawa ya meno ziwe nyeupe.

Mawe hayo hayasagwi kwa ukubwa mmoja. Kuna chembe kubwa kiasi, za nusu milimita au zaidi, kuna za mfano wa mchanga laini, na kuna unga wenyewe, laini kuliko unga wa ngano. Ukijaza chombo kwa chembe kubwa peke yake, nafasi kati yake ni nyingi na zote zitahitaji gundi. Chembe ndogo zikiingia katika nafasi hizo, na unga ukaingia katika nafasi zilizobaki, gundi inayohitajika hupungua sana. Kwa bamba la kuiga marumaru unga huzidishwa, kwa sababu marumaru haina madoa ya chembe kama graniti. Sura yake ni laini na ya wingu. Kumbuka jambo hili la unga. Tutalirudia kwa sababu nyingine kabisa.

Gundi yenyewe kwa kawaida ni resini ya poliesta, jamii ya ile wanayotumia mafundi wa boti za faiba. Kwa uzito ni kati ya asilimia 7 na 10 ya bamba, na ndiyo maana matangazo husema kwa kujivunia kwamba kaunta hiyo ni “jiwe la asili kwa asilimia 93”. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mfanyabiashara. Resini ni nyepesi. Ujazo uleule wa jiwe una uzito unaozidi mara mbili. Ukipima kwa nafasi badala ya kilo, plastiki inaweza kufika karibu sehemu moja kwa tano ya kaunta yako.

Ndani ya resini huongezwa vitu vichache vinavyofanya kazi kubwa kuliko wingi wake. Kimoja ni silani, kemikali ambayo upande wake mmoja unashika jiwe na upande wa pili unashika plastiki. Bila hiyo gundi ingeshikana na chembe kwa shingo upande, na maji yangepenya mpakani. Kingine ni kichocheo, ambacho hutulia mpaka kipate joto, kisha huifanya resini igande moja kwa moja. Resini ikishaganda hivyo haiyeyuki tena.

Vyote hivi hukorogwa katika masufuria makubwa ya chuma yenye mapanga yanayozunguka. Aliyewahi kutengeneza kashata ataelewa kinachotoka: si uji, si unga mkavu, bali kitu chenye unyevu kidogo kinachokubali kufinyangwa na kubaki na umbo, nazi ikiwa nyingi na sukari ikiwa ya kushikisha tu. Harufu ndiyo tofauti. Stairini iliyomo ndani ya resini ina harufu kali inayopanda puani, na kiwanda chenye kujali huwa na mifereji mikubwa ya kuivuta nje.

Kuchora mshipa

Hadi hapa kazi ni ya upishi. Inayofuata ndiyo inayotofautisha bamba la bei ya chini na lile linalokufanya usimame dukani.

Katika marumaru ya kweli mishipa haikuchorwa na mtu. Marumaru ya Carrara ilianza kama matope ya chokaa chini ya bahari karibu miaka milioni 200 iliyopita. Milima ilipojikunja, joto na shinikizo viliyapika upya matope hayo, na uchafu uliokuwamo, udongo hapa, chuma pale, ukakamuliwa na kukunjwa kuwa mistari. Kila mshipa una chanzo na una mwelekeo. Unapanuka, unagawanyika, unafifia kama moshi, na ukikata jiwe unaukuta bado unaendelea ndani.

Viwanda vya mwanzo havikuweza kuiga hilo, wala havikujaribu. Mabamba ya miaka ya 1990 yalikuwa ya madoadoa, yakiiga graniti. Mishipa ilipoanza kutafutwa, kazi ilifanywa kwa mikono: wafanyakazi walisimama pembeni ya trei yenye mchanganyiko uliotandazwa, wakichana mitaro kwa visu na mwiko na kumwaga rangi kutoka kwenye makopo. Baadhi ya viwanda bado vinafanya hivyo, na nadhani mabamba yao huwa na uhai fulani, maana mkono wa mtu haurudii kitu kilekile mara mbili.

Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na roboti. Bamba halisi la marumaru hupigwa picha kwa ukaribu, na picha hiyo hugeuzwa kuwa ramani ya njia za mishipa. Mchanganyiko mweupe ukishatandazwa kwenye trei ndefu kupita meta 3, mkono wa roboti hushuka na kuchana mitaro kwa kufuata ramani hiyo, mingine ikifika chini kabisa ya trei. Mdomo mwembamba huufuata ukimwaga rangi, ya maji au ya unga, kwenye kuta za mtaro. Kisha mtaro huzibwa na kusawazishwa, na rangi hubaki imefungwa ndani ikiwa mstari mwembamba. Kwa ule mwonekano wa wingu kuna hila nyingine: masufuria mawili au matatu yenye weupe tofauti kidogo, mmoja ukielekea kijivu, mwingine ukielekea manjano, huchanganywa nusunusu tu ili mabonge yasiyeyukiane.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba fundi haoni anachokitengeneza. Mchanganyiko mbichi umefifia na una mabonge. Sura ya kweli haitaonekana mpaka bamba ligande na lisuguliwe siku ya pili. Rangi ikizidi kidogo, mshipa unakuwa kama wa kalamu ya wino. Ikipungua, unapotea. Na kosa la kawaida kuliko yote, ambalo utaliona katika maduka yetu ukichungulia vizuri, ni mishipa mingi mno, mipana mno, inayokwenda upande mmoja kama mistari ya barabarani. Asili haina haraka ya kuonekana namna hiyo. Mimi ningechagua bamba lenye mishipa michache kuliko lile linalopiga kelele.

Kuna njia ya kulipima bamba bila kumwuliza mtu: tazama ukingo wake. Mshipa uliochanwa mpaka chini utauona ukishuka kwenye unene wa bamba. Mshipa wa juujuu, au uliochapwa kwa wino kama picha, unaishia ukingoni, na fundi akikata tundu la sinki utabaki na mdomo mweupe mtupu kuzunguka maji. Njia nyingine ni kutazama mabamba mawili ya jina moja yaliyosimama bega kwa bega. Programu ikiwa moja, mishipa nayo ni pacha.

Kubanwa na kupikwa

Trei iliyokwisha kuchorwa hufunikwa kwa karatasi au mpira na kusukumwa ndani ya mashine ya kubana. Milango hufungwa, pampu hunyonya hewa, na sahani ya juu hushuka kwa nguvu ambayo watengenezaji huitaja kuwa karibu tani 100, huku ikitetema kwa kasi. Mtetemo ndio unaozifanya chembe zisogeleane na kila moja ipate pake. Bila huo, nguvu peke yake ingezibana juu na kuacha mapengo chini. Kazi yote huisha kwa dakika mbili hivi. Kilichoingia kikiwa kinene na chenye kumomonyoka hutoka kikiwa bamba laini, bado bichi, lakini hewa karibu yote imeisha. Kwa sababu hiyo kaunta ya kwatzi hunywa maji kidogo mno, na haihitaji kupakwa dawa ya kuziba vitundu kila mwaka kama marumaru.

Kutoka hapo ni tanuri la nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Joto hilo halitoshi hata kuchemsha chai, lakini linatosha kukiamsha kichocheo, na resini hugeuka kuwa ngumu. Bamba huachwa lipoe polepole likiwa limelala sawa, kwa sababu likipoa upande mmoja kwanza litajikunja, na bamba lililojikunja halina tiba.

Kusawazisha na kung'arisha hufanywa na safu ndefu ya vichwa vinavyozunguka vyenye chembe za almasi, kuanzia vya kukwaruza mpaka vya kulainisha, maji yakimwagika wakati wote. Mwishoni bamba la kawaida lina urefu wa meta 3 na upana unaokaribia meta 1.5, unene wa milimita 20 au 30, na uzito unaozidi kilo 200. Hupita chini ya taa kali, mkaguzi akitafuta tundu, ufa au doa la rangi, kisha hupangiwa daraja. Uliza daraja unaponunua. Bamba la daraja la pili si bovu, ila bei yake lazima ifanane nalo.

Jikoni

Bamba hili lina udhaifu wake, na wote unatoka kwenye ile sehemu moja kwa tano ya plastiki. Jiwe halijali moto, resini inajali. Sufuria iliyotoka jikoni na mafuta ya kukaangia mihogo ina joto la nyuzi 180 au zaidi, na resini huanza kuharibika karibu na 150. Matokeo yake ni duara la njano lisilofutika, au ufa. Weka kitu chini ya sufuria, iwe ni ubao au kitambaa kinene, hata kama muuzaji anaapa kwamba hakuna haja.

Jua nalo huigeuza resini kuwa ya njano, kwa hiyo kaunta ya kwatzi haifai kwa jiko la uani wala baraza ya kuchomea nyama. Na manjano, yaani bizari ya mchuzi wenyewe, ikiachwa usiku kucha juu ya bamba jeupe inaweza kuacha kivuli. Ndimu, siki na ukwaju havina shida. Kwa kazi ya kila siku, kwatzi inaishinda marumaru kwa mbali, na mwenye jiko la familia kubwa anayeichagua hajakosea.

Kwa mwenye nyumba hadithi ingeweza kuishia hapo. Kwa fundi ndiyo kwanza inaanza.

Vumbi

Kiwandani bamba husuguliwa kwa maji na mashine zimefungwa. Lakini bamba halifiki jikoni kwako likiwa na umbo la kaunta. Lazima likatwe, litobolewe tundu la sinki, ukingo wake uzungushwe na kung'arishwa, na kazi hiyo hufanywa katika karakana ndogo za mitaani, mara nyingi kwa grainda ya mkononi. Bamba likikatwa kavu, ule unga tuliousema, laini kuliko unga wa ngano, unarudi hewani, na mwingine mpya unazaliwa.

Kwatzi ni silika yenye umbo la fuwele. Marumaru ina silika kidogo sana. Graniti ina takriban theluthi moja. Bamba la kiwandani la aina ya zamani lina zaidi ya asilimia 90. Chembe zinazodhuru hazionekani kwa macho: ni ndogo kuliko mikroni 4, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Zinapita puani, zinapita koo, zinafika mwisho wa mapafu na kubaki huko. Mwili hujaribu kuzizingira kwa makovu, na makovu hayo huendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Uliofika mbali hubakiza njia moja, kupandikizwa mapafu.

Ni ugonjwa wa kale wa wachimba migodi, na kwa kawaida ulichukua miaka 20 au zaidi kujitokeza. Kilichowashtua madaktari ni vijana wa kaunta kuumwa baada ya miaka michache tu. Israeli, nchi iliyozipokea kaunta hizi mapema, ndiko kengele ilikolia: mwaka 2012 madaktari walichapisha katika jarida la Chest habari za wagonjwa 25 waliofika hospitali kuchunguzwa kwa ajili ya kupandikizwa mapafu, wote wakiwa wamekata mabamba hayo bila maji. Hispania ikafuata, hasa mkoa wa Cádiz. Huko California, ripoti iliyotoka Julai 2023 katika jarida la JAMA Internal Medicine ilieleza habari za wanaume 52, karibu wote wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 45. Kumi walikuwa wameshafariki.

Australia haikungoja zaidi. Mawaziri wake wa usalama kazini walikubaliana Desemba 2023, na tangu 1 Julai 2024 ni kosa nchini humo kutengeneza, kuuza au kufunga bamba la aina hii. Ni nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Hoja yao ilikuwa fupi: wameweka sheria za maji, za feni na za barakoa, na mafundi wameendelea kuugua.

Viwanda vinajitetea kwamba kosa si la bamba bali la namna ya kulikata. Kuna ukweli ndani yake. Kaunta iliyokwisha kufungwa haimdhuru mpishi hata kidogo, na karakana yenye maji, feni za kuvuta vumbi na barakoa za kweli ina hatari ndogo kuliko ile ya grainda kavu. Lakini bidhaa inayouzwa duniani kote haiwezi kutegemea kwamba kila kibanda cha fundi kina vifaa vya maabara. Vitendo vya viwanda vyenyewe vinaonyesha kwamba vinalijua hilo: Cosentino tangu 2020 imekuwa ikibadili mchanganyiko wake ili kupunguza silika, na wengine sasa wanatumia kioo kilichosagwa upya na madini ya felispa mahali pa kwatzi. Mabamba hayo yanapendeza kama ya awali. Iliwezekana, basi, na ingewezekana mapema zaidi.

Kwetu tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Tanzania inaijua silikosisi kutoka mashimo ya tanzanaiti ya Mirerani, na hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imekuwa ikiwachunguza wachimbaji wa huko. Vumbi la silika humfanya mtu awe mwepesi wa kushikwa na kifua kikuu, na magonjwa haya mawili hufanana: kikohozi, kukonda, kukosa pumzi, makovu kwenye picha ya eksirei. Fundi anayekohoa anaweza kumaliza dozi ya kifua kikuu, asipone, akaanzishiwa nyingine, na mtu asimwulize hata mara moja anafanya kazi gani. Kama wewe ni fundi wa mawe na unakwenda hospitali kwa ajili ya kifua, mtajie daktari kazi yako kabla hajakuuliza.

Na wewe mwenye nyumba, kabla ya kulipa malipo ya awali, omba kuiona karakana. Maji yawe yanamwagika juu ya msumeno na juu ya grainda. Tope lizolewe likiwa bichi, kwa maana likikauka linakuwa vumbi lilelile. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini na yenye kubana uso. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii kitu. Tundu la sinki lipimwe nyumbani lakini likatwe karakanani, si sebuleni kwako wala barazani mbele ya watoto. Muulize muuzaji kiasi cha silika kilichomo ndani ya bamba, na kama hana jibu la maandishi, tafuta mwingine mwenye nalo. Gharama ya kukata kwa maji iingie kwenye bei, nawe uilipe.